Magonjwa ya Ngozi na Utambuzi wa Watu kwa Alama za Vidole

Mnamo Desemba 2008, mgonjwa wa saratani kutoka Singapore, mwenye umri wa miaka 62, alizuiliwa kwa takriban saa nne katika kiwanja cha ndege nchini Marekani kwa sababu vidole vyake havikuwa na alama zinazosomeka. Kapesitabini, dawa aliyokuwa akiitumia, ilikuwa imesababisha ngozi ya viganja na nyayo kuvimba na kubambuka, hata mistari ya vidole ikafutika. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama kioja. Makala haya yanakichukulia kuwa ncha inayoonekana ya tatizo la kila siku, ambalo mipango ya vitambulisho hulifikiria kwa kuchelewa.

Mchoro wa kidole hujengeka mtoto akiwa bado tumboni, na shina lake liko pale tabaka la juu la ngozi linapokutana na tabaka la ndani. Kwa hiyo aliyechubuka kidogo hurudiwa na mistari ileile, ilhali jeraha lililozama hadi tabaka la ndani huacha kovu la kudumu. Ukurutu wa mikono, soriasisi na chunjua huathiri zaidi tabaka la juu. Ugonjwa ukitulia, mistari kwa kawaida hurejea. Ukoma ni jambo jingine. Huua neva, mgonjwa hupoteza hisia, huungua na kujikata bila kujua, na mwishowe vidole vyenyewe huweza kufupika. Nadra kuliko yote ni adermatoglifia, hali ya kurithi ambayo mtu huzaliwa bila mistari kabisa. Mwaka 2011 watafiti walioichunguza familia moja ya Uswisi waliihusisha na jeni ya SMARCAD1, na matabibu wakaipa jina la utani: ugonjwa wa kucheleweshwa mpakani.

Mashine nayo ina udhaifu wake. Kisomaji cha mwanga hutegemea mguso: penye tuta la ngozi lililogusa kioo mwanga hutawanyika, penye mfereji wenye hewa hurudi. Ngozi kavu yenye magamba haigusi kioo sawasawa, hivyo mstari mmoja huonekana kama vipande vingi. Programu inayotafuta mahali mistari inapokoma au kugawanyika huhesabu kila mkatiko kuwa alama halisi. Ngozi yenye majimaji hutoa kosa la kinyume, kwani mistari jirani huungana. Visomaji vya mawimbi ya sauti hupenya zaidi na huvumilia uchafu na unyevu, lakini haviwezi kusoma mchoro usiokuwapo.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa Malaysia, ambako kitambulisho cha taifa hubeba alama za vidole gumba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uhakiki ulishindikana kwa asilimia 27 ya wagonjwa wa ukurutu wa mikono, dhidi ya asilimia 2 ya watu wasio na ugonjwa huo. Ikumbukwe kwamba ukurutu si maradhi ya nadra, na huwapata sana wanaoshika sabuni, saruji na kemikali: wafua nguo, waashi, wasusi, wauguzi.

Hapa wapangaji wa sera huchanganya mambo mawili. Mtu anaweza kushindwa kuandikishwa, au akaandikishwa vizuri kisha akashindwa kuhakikiwa. La pili lina mtego: aliyeandikishwa vidole vikiwa vimepasuka huhifadhiwa pamoja na ugonjwa wake, na akipona ndipo mashine inapomkataa. Kulegeza kiwango cha ulinganifu si dawa, kwa kuwa kila hatua ya kumpokea mgonjwa huyu humfungulia mlango pia mtu anayejifanya mwingine.

Suala hili lina uzito Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 uliunganisha kidole na mawasiliano, na kupitia simu, na fedha. Katika mpangilio wa aina hiyo, anayekataliwa hupoteza zaidi ya muda wa kusubiri kwenye foleni. India, katika mfumo wa Aadhaar, huchukua vidole kumi, mboni mbili za macho na picha ya uso, hivyo kidole kibovu hakimfungi mtu nje peke yake. Njia hiyo ni ghali, lakini ndiyo inayoelekea kuwa ya haki kuliko kumtaka mgonjwa arudi na barua ya daktari kila mara.

Lililo rahisi zaidi, na ambalo halihitaji mashine mpya, ni kumruhusu mhusika achague kidole chenye afya, kumwandikisha upya ngozi inapobadilika, na kumpa karani mamlaka ya kukubali uthibitisho mwingine palepale dirishani. Kila kukataliwa kuandikwe pamoja na sababu yake. Pasipo kumbukumbu hizo, kidole kigonjwa na kidole cha tapeli huingia katika safu moja ya takwimu.