Umelipa Kodi ya Ploti, Karatasi Yasema Unadaiwa? Kagua Vichwa vya Safu

Mkazi wa Kaloleni, Voi, analipa kodi ya ardhi ya Sh3,000 na kuhifadhi risiti yake. Miezi michache baadaye anachapishiwa taarifa ya akaunti. Safu ya "Malipo" ina sufuri, na safu ya "Malimbikizo" ina Sh3,000. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, aliyelipa amegeuka mdaiwa.

Huu ni mfano tu, lakini hitilafu ya aina hii inajulikana kwa wataalamu wa kompyuta. Pesa hazijapotea, wala rekodi haijafutwa. Kilichokosea ni kichwa cha safu.

Hitilafu hutokeaje?

Rekodi za ploti huhifadhiwa katika jedwali ndani ya kompyuta. Taarifa inayochapishwa kaunta mara nyingi haisomi jedwali hilo moja kwa moja. Hupitia mwonekano, yaani orodha iliyotayarishwa kuonyesha rekodi zinazohitajika. Kwa kawaida mwonekano hauweki tarakimu zake wenyewe. Huzichota jedwalini kila unapofunguliwa.

Tuseme mwonekano ulitengenezwa jedwali likiwa na safu nne: nambari ya ploti, kodi ya mwaka, malipo na malimbikizo. Baadaye jedwali linapangwa upya na safu ya riba kuwekwa kati ya kodi na malipo. Katika baadhi ya programu, ikiwemo SQL Server ya Microsoft, mwonekano ulioagizwa kuchukua "safu zote" bila kuzitaja huendelea kutumia vichwa vinne vya zamani. Tarakimu husogea, vichwa hubaki. Riba, ambayo ni sufuri, huangukia chini ya "Malipo", nayo Sh3,000 zilizolipwa huangukia chini ya "Malimbikizo".

Dawa yake ni fundi kuusasisha mwonekano, na kutaja kila safu kwa jina ili kosa lisirudi. Kulipa mara ya pili hakurekebishi chochote.

Mkazi afanye nini?

1. Alinganishe taarifa na risiti zake kabla ya kulipa. Kiasi alicholipa kikionekana mahali pa deni, hiyo ni dalili ya vichwa kuhama.
2. Afike ofisi ya mapato na nakala ya risiti, au ujumbe wa malipo ya simu, pamoja na taarifa yenye kasoro.
3. Aombe rekodi ya ploti yenyewe ikaguliwe, si karatasi kuchapishwa tena. Kuchapisha tena huleta kosa lile lile.
4. Aandike malalamiko yake na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inampa mwenye data haki ya kurekebishiwa.

Risiti ya kodi ya ardhi isitupwe. Karatasi zinapopingana, ndiyo shahidi wa mkazi.