Gawa waifai nyumbani, lakini PIN ibaki yako

Kwa wakulima wadogo wa chai Kericho na Bomet, mwaka wa fedha wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hufungwa Juni, na bonasi kwa kawaida huja kufikia Oktoba. Pesa hiyo hulipa karo na madeni. Siku hizi, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, nyingine inanunua laptopu ya mtoto wa chuo na kulipia intaneti ya nyumbani.

Ruta ikishawekwa sebuleni, haichukui muda kabla jirani kubisha hodi. “Mama, nisaidie paswadi kidogo tu, nimalize fomu ya HELB.” Nani atakataa? Kusaidiana si vibaya. Shida huwa kwenye paswadi yenyewe.

Paswadi ya waifai ya nyumbani haiwezi kuwa chini ya herufi au tarakimu nane. PIN ya pesa kwa simu ina nne. Basi mtu anaandika PIN yake mara mbili: mwenye 1984 anaweka 19841984. Ni rahisi kukumbuka, ni kweli. Lakini kila unayempa waifai, umempa PIN pia.

Tuelewane hapa. Mtu kuwa kwenye waifai yako hakumwonyeshi PIN wala salio lako. Lakini akishajua PIN, kilichobaki ni kuipata simu yako dakika mbili tu, ikiwa mezani inachajiwa nawe uko shambani unachuma. Msimu wa bonasi, dakika mbili ni nyingi.

Ukiunganisha laptopu, fanya hivi:

1. Badilisha PIN kwanza. Kama inafanana na paswadi ya waifai, au ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo kabla ya kugusa ruta.

2. Kisha paswadi ya waifai. Ukiwa kwenye laptopu, andika anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, halafu weka maneno matatu yasiyohusiana, pamoja na nambari isiyo PIN yako. Badilisha pia paswadi ya kuingilia ruta yenyewe.

3. Wape wageni mlango wao. Ruta nyingi zina waifai ya pili ya wageni. Jirani atumie hiyo, nawe unaweza kuizima au kubadilisha paswadi yake bila kusumbua laptopu ya nyumbani.

4. Kama mtandao haufiki nyumba ya nyuma, angalia mabati. Ukuta wa mabati hurudisha mawimbi. Weka ruta juu, karibu na dirisha linalotazama huko, na uunganishe laptopu kwenye 2.4 GHz, si 5 GHz. Ya 5 ina kasi zaidi lakini haifiki mbali.

5. Ukitumia hotispoti ya simu, linda bando. Laptopu hujipakulia masasisho kimyakimya, na sasisho moja laweza kumaliza bando la wiki. Kwenye mipangilio ya mtandao, iambie laptopu kwamba intaneti hii ina kipimo.

6. Radi ikianza kunguruma, chomoa ruta ukutani. Nyinyi wa Kericho mnajua mvua za alasiri.

Na siku ya kulipia intaneti, soma jina la kampuni linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kama silo unalolijua, acha kwanza.

Mtoto akikuuliza paswadi ya waifai, mpe. Akikuuliza PIN ili “akusaidie kutuma,” ishike simu na uiweke mwenyewe. Hata sisi hatutakupigia kukuuliza PIN. Anayepiga akidai ametoka kwetu na anaitaka, kata simu.