Simba, Baba Mdogo na Haki ya Yatima

Filamu ya katuni The Lion King ilitolewa na Disney mwaka 1994, na wengi wetu tuliokulia Moshi tuliitazama utotoni. Tulifurahi kuona mlima wenye theluji mfano wa Kilimanjaro, tukacheka fisi alipoitwa Shenzi, kwani neno hilo tulilijua.

Tukiitazama leo tukiwa wazazi, kicheko kinapungua. Scar ni baba mdogo wa Simba. Anamuua nduguye, anamtwisha mtoto lawama ya kifo hicho, kisha anaikalia haki yake. Huku kwetu kwenye vihamba vya mlimani, yatima kudhulumiwa shamba na ami yake si hadithi ya katuni. Suratun-Nisaa, aya ya 10, inawaonya vikali wanaokula mali ya yatima kwa dhulma.

Simba anajificha katika "hakuna matata", lakini hatimaye anarudi nyumbani kuikabili dhulma. Basi tuitazame pamoja na watoto wetu. Tuwafahamishe kuwa marehemu hasemi nasi kutoka mawinguni kama Mufasa. Kinachomfaa ni dua na sadaka. Kisha tujiulize wenyewe: mali ya yatima wa ukoo wetu imo mikononi mwa nani?