Saratani ya taya iliyofungua njia Mulago

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji aje amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Aliyeitwa ni Denis Burkitt, Muairishi aliyepoteza jicho moja utotoni. Hakuwa amewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Wa kwanza huenda angemsahau. Wa pili akamtia shaka.

Akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika ripoti yake ya kwanza. Kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu aina ya Ford, wakashuka kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kuona uvimbe huu? Jibu likachora ramani. Ugonjwa ulikuwapo kwenye joto na mvua nyingi, kule kule kwenye malaria. Huko London, Anthony Epstein na wenzake walizichunguza seli zilizosafirishwa kutoka Uganda, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Lakini watoto walihitaji tiba, si ramani. Kisu hakikufaa kitu, na Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Zikabaki dawa, ambazo wakati huo madaktari wengi waliziona kama za kumpunguzia mgonjwa makali tu. Burkitt akazijaribu. Uvimbe uliotisha ukanywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Sababu inaeleweka: dawa hizo hushambulia seli zinazogawanyika, na uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwa wengine uvimbe ulirudi, hasa kwenye ubongo. Kazi ngumu ya kuchanganya dawa na kupanga dozi iliendelea katika taasisi ya saratani iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya Mmarekani John Ziegler. Wageni walipoondoka enzi za Idi Amin, Mganda Charles Olweny ndiye aliyeishika taasisi isifungwe. Jina la Burkitt limebaki kwenye ugonjwa. La Olweny halitajwi inavyostahili, na majina ya wazazi waliokubali watoto wao wajaribiwe dawa ngeni hayatajwi kabisa.

Limfoma ya Burkitt ingali ipo Afrika Mashariki, na inatibika ikiwahiwa. Mtoto akivimba taya ghafla au meno yakilegea bila sababu, usiishie kwa mng'oa meno. Mfikishe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.