Jasho la Fletcher Henderson

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini penye ubaguzi, mara nyingi huchuma huyu akala yule. Ushahidi tunao katika maisha ya Fletcher Henderson, mpiga piano Mmarekani mweusi aliyezaliwa Georgia mwaka 1897.

Kijana huyo alihitimu masomo ya kemia, akaenda New York mwaka 1920. Nafasi za fani hiyo kwa mtu mweusi zilikuwa haba, akageukia piano. Bendi yake ilitumbuiza miaka mingi katika ukumbi wa Roseland, na mwaka 1924 alimwajiri Louis Armstrong. Yeye na mwenzake Don Redman walizigawa ala makundi makundi, matarumbeta yakiuliza na saksafoni zikijibu. Hapo ndipo ulipowekwa msingi wa muziki wa swing.

Hata hivyo fedha hazikumfuata. Bendi ilipovunjika mwaka 1934, alianza kumwuzia Benny Goodman, mpiga klarineti mzungu, nyimbo alizozipangia ala. Kwa nyimbo hizo Goodman aling'ara mwaka 1935, akaitwa Mfalme wa Swing. Goodman mwenyewe hakulificha deni hilo. Lakini mwaka 1939 Henderson aliajiriwa kumpigia piano: mwenye shamba amekuwa kibarua. Alifariki mwaka 1952.

Basi tunapoburudika kwa muziki, na tuulize umetoka mikononi mwa nani. Nasi tuliopewa dhamana tuhakikishe kwamba jina la msanii limeandikwa na haki yake imelipwa angali hai.