Nyumba ya Udongo na Nyasi Iliyodumu Miaka 500

Katika kijiji cha Shottery, karibu na mji wa Stratford-upon-Avon huko Uingereza, iko nyumba ya shamba ambayo mkulima wa Kitui au Makueni hawezi kuviona vifaa vyake kuwa vigeni. Paa lake ni la mabua, kuta zake ni fito zilizokandikwa udongo, na nguzo zake ni miti. Hata hivyo, sehemu yake ya kwanza ilijengwa katika miaka ya 1460, nayo ingali imesimama. Nyumba za kale za Wakamba, ambazo nazo zilijengwa kwa miti na nyasi, ni nadra kuonekana leo. Yafaa kuuliza sababu.

Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, nyumba za Ukambani zilikuwa za mviringo. Fito zilipindwa na kufungwa pamoja juu, kisha zikaezekwa nyasi zilizoteremka hata karibu na ardhi. Ndani yalikuwako mafiga matatu, na moshi ulipenya katika nyasi ukafukuza wadudu. Lakini miti ilichimbiwa ardhini, na mchwa wakaanza kazi yao kutoka chini. Nyumba ilipochakaa, mwenyewe alijenga nyingine. Huo haukuwa uvivu: ardhi ilikuwa tele, na mara nyingi watu walihama kufuata malisho na mashamba mapya.

Wajenzi wa Shottery walifuata njia nyingine. Kwanza, waliweka msingi wa mawe, hata miti isiguse udongo wenye unyevu. Pili, walichagua mwaloni, mti mgumu usiooza upesi. Tatu, waliliinamisha paa sana na kulitokeza mbele ya kuta, ili maji ya mvua yasiukoge udongo. Mabua yenyewe hayakudumu miaka mingi hivyo. Kila kizazi kimeezeka upya.

Hapo mwanzo nyumba hiyo nayo haikuwa na dohani. Moto uliwaka katikati ya chumba kikubwa, na moshi ukatafuta njia yake darini, kama ilivyokuwa Ukambani. Humo ndimo alimozaliwa Anne Hathaway mwaka 1556, aliyeolewa na William Shakespeare mwaka 1582. Huyo ndiye mtungaji ambaye Mwalimu Julius Nyerere alifasiri mchezo wake wa Julius Caesar kwa Kiswahili. Ndugu yake Anne, Bartholomew, alinunua nyumba hiyo mwaka 1610. Baadaye dohani zilijengwa, na kwa kuwa moshi haukujaa tena darini, iliwezekana kuweka vyumba vya juu. Hivyo nyumba ilikua pamoja na jamaa.

Mwaka 1892 nyumba ilinunuliwa na chama kinachotunza nyumba za Shakespeare. Moto uliiunguza vibaya mwaka 1969, lakini ilitengenezwa tena kwa sababu walikuwapo mafundi waliojua kuezeka na kukandika kama zamani.

Hakuna haja ya mkulima wa Ukambani kurudia nyasi. Katika nchi yenye mvua haba, bati humtekea maji paani na kuyajaza katika tangi, jambo ambalo nyasi haziwezi kulifanya vizuri. Lakini hata nyumba ya bati husimama juu ya miti, na mchwa hawajahama. Wazee wa Kitui waliujua mukau, mti ambao mbao zake hustahimili mchwa na ambao hukua katika ukame. Ulikatwa sana, hata ukaanza kuadimika. Tangu mwaka 2012 Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, kwa msaada wa Japani, imechagua mbegu bora za mukau na kuzipanda Kitui na Kibwezi, ili wakulima wapate miche mizuri.

Apandaye mukau leo huweza kuuvuna baada ya miaka kumi na kitu. Akiuweka juu ya msingi wa mawe, na kuwafundisha wanawe kutengeneza kila kinachoharibika, huenda wajukuu wake wakalala chini ya paa aliloliinua yeye.