Mgeni Mkaazi na Miji Asiyoiona

Watu wengi hudhani kwamba aliyekaa miaka mingi katika nchi ya watu ndiye aijuaye nchi ile, na kwamba mpita njia wa juma moja haoni ila vumbi lake. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka alipotuzuru kijana wetu mmoja kutoka Mombasa, mtoto wa ndugu yetu, akakaa nasi Maskati siku 8. Katika siku hizo 8 aliiona Nizwa, akapanda ngome ya Bahla, akalala usiku mmoja jangwani. Usiku wa kuagana, tulipokaa kitako kwa chakula, alituuliza: "Ami, nyinyi yawapendeza zaidi ipi, Bahla au Jabrin?" Tukanyamaza. Tumeishi Oman miaka 19, wala hatujaiona Bahla, wala Jabrin hatujaiona.

Hebu ndugu msomaji, khasa wewe uliye ugenini kwa kazi, jipime katika jambo hili. Mji tuujuao sisi ni njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini, soko la Matrah, msikiti wa mtaani, skuli ya watoto, na uwanja wa ndege. Nizwa tulifika mara mbili kwa kazi ya tajiri wetu. Tukauona mnara wake mnene wa duara kwa dirisha la gari, tukasema, "Inshallah siku nyingine," tukarudi. Likizo zetu zote zilikuwa za kwenda kwetu, na akiba yetu ilikuwa na wenyewe kabla haijafika mkononi: ada za skuli, dawa za wazee, mawe na saruji ya nyumba isiyokwisha. Hatulalamiki, kwani hayo ndiyo yaliyotutoa kwetu. Walakini mtalii huzihesabu siku zake kwa kuwa ajua ni chache, na mkaazi hazihesabu. Kila pahali tulipaahidi mwakani.

Baada ya miezi michache tukapewa barua. Mkataba wetu hautafanywa upya, na tumebakiwa na miezi 4. Tulipokwisha kupiga hesabu ya nauli za watu wanne na gharama za mizigo, zilibaki riali 300 ambazo tungeweza kuzitumia bila ya kumdhulumu mtu. Ndipo tulipoanza kuulizana swali ambalo ilitupasa kuulizana tangu mwaka wa kwanza: katika yote tusiyoyaona, ni yapi yastahiki kuonwa?

Jambo moja, alhamdulillahi, tulikwisha kulitenda. Aishiye Oman yu karibu na Makka kuliko ndugu zake wa Mombasa, na mwaka wetu wa tatu tulikwenda Umra kwa basi, tukipita Imarati. (Tangu Disemba 2021 iko njia ya moja kwa moja kutoka Oman mpaka Saudia, ikatayo majangwa ya Rub al-Khali.) Kama wewe ungali karibu na Makka na hujaenda nawe waweza, usiisome makala hii kwanza, kaulize nauli.

Katika yaliyobaki, kila mtu nyumbani alipewa karatasi aandike atakapo. Zilipokusanywa, yalipatikana majina 17. Kijana wetu wa kiume alitaka kuona kasa wakipanda pwani ya Ras al-Jinz kutaga mayai. Bintiye mama alitaka Salalah, kwa kuwa wenziwe wote skulini wamekwenda.

Tulijadiliana juu ya Salalah jioni nzima. Ni kweli kwamba kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba, Maskati ichomekapo, milima ya Dhofar hufunikwa na ukungu na manyunyu ikawa kijani kitupu, na watu wa Ghuba huiendea kwa maelfu. Twaelewa furaha yao. Aliyelelewa mahali pasipo mvua akiona nyasi zimelowa humshukuru Mola wake. Lakini ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati, na sisi tukifika tutaona nini? Tutaona migomba, mipapai, na mtu kando ya njia akikata madafu! Mama watoto alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Tutumie riali zetu zote tukaitazame Likoni?" Binti alikasirika, na hasira yake ilikuwa na haki kidogo, kwani huko kuna pia magofu ya Al-Baleed, bandari ya kale ya biashara ya ubani. Hata hivyo tulilifuta jina lile. Twaona kwamba hapa ndipo wengi wetu hukosea: huuliza pahali pana sifa gani kwa watu, wasiulize pana nini kwa macho yao wenyewe. Sifa ya Salalah ni ya kweli, ila haikutungwa kwa ajili ya watu wa pwani yetu.

Kisha mama watoto akatoa kipimo ambacho hatukukipata bora kuliko hicho. Alisema: "Tazameni yale ambayo tukirudi kwetu tutaona haya kusema hatukuyaona." Tulipoipitia karatasi kwa kipimo hiki, majina 17 yalikwisha mara moja. Musandam ilikwenda, ambayo ni mbali na ghali. Jangwa likaenda, kwani kijana aliyetuzuru alitusimulia vya kutosha. Jabal Akhdar ilituuma kidogo, kwa ajili ya mawaridi yake, lakini msimu wake ulikwisha kupita, na mawaridi hayangoji barua ya tajiri wa mtu.

Ikabaki Jabrin, nayo ilibaki kwa sababu ya Mombasa. Watoto wetu wamecheza kila likizo chini ya kuta za ile ngome kongwe ya Wareno, na skulini hufundishwa kwamba Waarabu wa Oman waliizingira tangu mwaka 1696, wakaitwaa mwishoni mwa mwaka 1698. Imamu aliyepeleka majeshi hayo alikuwa Saif bin Sultan wa ukoo wa Al-Yaarubi, ambaye baba yake ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Hayo twayajua. Tusilolijua ni kwamba kabla ya kupigana na Wareno, Saif alipigana na ndugu yake. Imamu Bil'arab bin Sultan ndiye aliyejenga jumba la Jabrin, akalifanya makao yake na mahali pa kusomesha elimu. Saif akamwasi, akamzingira humo humo, na Bil'arab akafa ndani yake mwaka 1692. Kaburi lake limo chini ya jumba lile.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Tulipanda ngazi nyembamba, tukatazama dari za mbao zilizochorwa maua kwa rangi nyekundu na nyeusi, na watoto wakapiga makelele kama kawaida yao. Lakini tuliposhuka kaburini walinyamaza. Kijana alisimama kitambo, kisha akauliza: "Huyu ndiye nduguye yule aliyeitwaa ngome yetu? Na hawakupatana mpaka mwisho?" Tukamjibu kuwa hawakupatana. Njia nzima ya kurudi hakugombana na dadake. Hatukuahidiwa kwamba itadumu, wala haikudumu.

Safari ya pili ilikuwa ya Sur, na hapa twaikiri aibu yetu yote. Mama yetu, aliye Mombasa, amepita miaka 80. Utotoni mwake aliishi karibu na bandari ya kale, na kila mwaka upepo wa kaskazi ulipovuma aliona majahazi ya Wasuri yakiingia na tende, chumvi na papa mkavu, na kusi ilipogeuka yakiondoka na boriti za mikoko. Tangu mwaka wetu wa kwanza Oman, kila tulipompigia simu aliuliza: "Mmeshafika Sur?" Nasi tukajibu: "Mwakani, mama, inshallah." Sur si mbali, kwa njia ya pwani ni mwendo wa saa mbili na ushei tu. Katika miaka hii 19 macho ya mama yetu yalififia, kisha yakazimika kabisa. Wakati alipokuwa aweza kutazama picha, hatukuwa na picha ya kumpelekea.

Njiani tulisimama Qalhat, mji uliokuwa bandari kubwa kabla Wareno hawajauteketeza mwaka 1508, miaka mitatu baada ya kuziteka Kilwa na Mombasa. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 aliiona Mombasa yetu na Kilwa, aliondoka Kilwa akashukia Dhofar, kisha akafika hapa Qalhat. Leo kuna mawe yaliyotawanyika mlimani, na kaburi moja lenye kuba iliyovunjika liitwalo la Bibi Maryam. Hatukukaa sana, jua lilikuwa kali, na moyo wetu ulikuwa mbele.

Sur tulilikuta jahazi Fath al-Khair, lililoundwa pale pale mwaka 1951 na sasa limehifadhiwa nchi kavu, na ng'ambo ya mlango wa hori mji mweupe wa Al-Ayjah. Kiwandani bado mafundi wachache huunda majahazi. Lilikuwamo moja mbavu zake zingali wazi, na jingine kuukuu lililopandishwa pwani kwa matengenezo. Alasiri tulimpigia simu mama yetu.

"Tuko Sur, mama."

Hakusema neno kwa muda, hata tukadhani simu imekatika. Kijana wetu, ambaye hufikiri simu huponya kila kitu, alianza kutaka kupiga picha ampelekee bibi yake; dada yake akamshika mkono. Kisha mama yetu akauliza majahazi ni mangapi, na je, wangali wakiyapaka sifa, yale mafuta ya papa; kwani utotoni, alisema, harufu ile iliwatangulia Wasuri, na mamake alikuwa akifunga madirisha.

Tukamwambia angoje kidogo. Tukalisogelea lile jahazi kuukuu, sote wanne, tukaweka pua zetu karibu na mbao zake. Binti yetu, aliyeitaka Salalah, ndiye aliyeichukua simu.

"Yanuka, bibi," alisema. "Yanuka sana."

"Wallahi?" akauliza mama yetu. "Basi nielezee."